Mayai ya Santa Klara

Maji ya mvua yalimfika Bibi Puring kwenye magoti, naye mayai dazeni mbili ameyakumbatia kifuani kama kichanga. Alifika nayo mpaka kwa watawa wa Santa Klara, hata moja halijapasuka. Akaandika ombi kwenye kikaratasi, akakikunja mara nne, akakisukuma dirishani pamoja na mayai.

"Harusi?" mtawa akauliza kutoka ndani.

"Mashindano, Sista. Mjukuu wangu anacheza kwa kuteleza kwenye barafu leo. Ubingwa wa taifa."

"Haya. Maombi tunayasoma kwenye sala ya saa tisa."

"Mashindano ni saa nane, Sista."

"Mungu hana saa, mama."

Mama Chayong, jirani yake, aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bibi wewe! Mayai watu wanapeleka ili mvua isiwaharibie harusi. Uwanja wa barafu uko ndani ya jengo la maduka, ghorofa ya nne, na paa juu! Bora ungetukaangia tukala."

Bibi Puring alivaa sweta mbili, kama wafanyavyo watu wa Manila wakiingia kwenye baridi ya uwanja ule, akakaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na barafu, rozari mkononi.

Wanawake walioandikishwa daraja la watu wazima mwaka huo walikuwa wawili tu: Ning, mjukuu wake, na Bernadina wa kisiwa cha Cebu. Bernadina alikuwa akiruka kama panzi, na mara tatu walizokutana, mara tatu alimshinda Ning. Bingwa angepelekwa Kanada kufundishwa, miaka minne, gharama zote juu ya chama cha mchezo huo.

"Kanada!" alisema Mama Chayong, aliyeketi kando yake. "Si ndiko aliko mamake? Hatimaye mtoto atamwona mamake."

Ni kweli. Mama yake Ning alikwenda Kanada kulea wazee wa watu, akaaga kwamba ni miaka miwili. Ning alikuwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na kumi na tisa.

"Ndege ya Cebu imetua?" Bibi Puring alimuuliza Nonoy, kocha wa Ning.

"Haijaruka hata, Bibi. Kimbunga kimeifungia huko huko. Wewe tulia."

Haikupita robo saa. "Na sasa?"

"Bibi, moyo utakupasuka bure! Saa nane ikifika Bernadina hayupo, tunaanza bila yeye. Ndiyo kanuni. Ning akimaliza mchezo wake tu, bingwa ni yeye."

"Hata akianguka?"

"Hata akianguka mara kumi. Mradi amalize."

Bibi Puring aliinua macho. Mvua ilikuwa ikilipiga lile paa kama watu wanaotwanga.

Ning alikuja akiteleza mpaka kwenye ukingo. Alivaa gauni la buluu aliloshonewa na bibi yake, shanga mia tatu, moja moja. Kila jioni kabla ya kushona, Ning ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto, maana macho ya bibi tundu la sindano hayalioni tena.

"Bibi, unaniombea?"

"Naomba, mwanangu."

"Omba sana."

"Naomba kwa nguvu zangu zote."

Saa nane ikafika. Waamuzi wakatazamana, wakatazama mlango. Bibi Puring naye akautazama, akautazama sana. Hakuingia mtu. Muziki ukaanza.

Ning alianguka kwenye mruko wa kwanza. Watu wakampigia makofi. "Kaza, Ning! Kaza!" Wa pili akaanguka tena. Rozari ilikuwa imesimama kwenye vidole vya bibi, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Mara ya tatu aliteleza kifudifudi mpaka akaugonga ukingo, mbele kabisa ya bibi yake. Goti lilikuwa linatoka damu. Akabaki pale chini akimwangalia, na machozi yanamlenga.

"Inuka!" uwanja mzima ulipiga kelele. "Inuka, Ning!"

Bibi Puring alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Ning aliinuka, akamaliza.

Walimwita jukwaani, akasimama juu peke yake, ngazi mbili za chini hazina mtu. Wakamvika medali. Kiongozi wa chama akampa bahasha yenye tiketi ya Kanada, naye akaipunga hewani kumwonyesha bibi yake.

Mama Chayong alimrukia Bibi Puring shingoni. "Nimekoma kukucheka! Mwenzangu, mayai yako yamejibu!"

Bibi Puring alikuwa analia, mabega yanamtikisika. Watu wa karibu nao wakafuta macho kwa kumwona bibi mwenye furaha kiasi kile.

"Sikilizeni," kocha akasema ghafla, akainua kidole. "Mvua imekatika."

Ilikuwa saa tisa. Kule kwa watawa, mwenye zamu alikuwa amesimama mbele ya wenzake, amekikunjua kile kikaratasi, na anasoma kwa sauti: "Santa Klara, tuliza mbingu ndege ya Cebu itue mapema, Bernadina amshinde mjukuu wangu."