Bwawa Lililojengwa Likae Tupu

Muhanga, fundi wa kuchimba, alijenga bwawa dogo la udongo juu ya bonde ili mafuriko yasiwafikie wanyama walioishi chini. Mkewe ndiye aliyetunza tundu lililokuwa chini ya tuta. Kila mvua ilipokatika alilizibua, maji yakatoka polepole mpaka bwawa likabaki tupu.

Bata aliwacheka. "Shemeji, bwawa gani hili halina hata maji ya kuogea mtoto? Mkeo anakuaibisha!"

Muhanga alipenda kusifiwa. Mkewe alipokwenda kumwona mama yake, yeye aliliziba tundu kwa jiwe. Mvua moja ikalijaza bwawa, na bonde zima likaja kumpongeza.

Mkewe aliporudi alisimama juu ya tuta akayatazama maji.

"Mume wangu, mvua ijayo utaiweka wapi?"

"Nitalizibua kesho," alisema Muhanga, kwa sababu wageni walikuwa bado wanaogelea.

Mvua ilikuja alasiri ileile, na maji yakaanza kupita juu ya tuta. Mkewe alipiga mbizi, akaling'oa jiwe. Maji yalitoka kwa nguvu yakamchukua. Tuta halikubomoka, na bonde likapona.

Siku hizi Muhanga hulizibua tundu mwenyewe. Juzi Kanga, mgeni wa bonde lile, alimkuta kazini.

"Mzee, mbona bwawa lako halina kitu?"

"Lina nafasi ya mvua ijayo," alijibu Muhanga. "Mke wangu alikuwa akiitunza, mimi nikaijaza."