Jaketi Lililotangulizwa Mtoni

Kabla ya kuwapandisha vijana kwenye boti ya mpira, Nasimbo alirusha mtoni jaketi tupu la kujiokolea, amelifunga vifungo vyote vitatu. Ndiyo kawaida yake: likipita kwenye miamba na kutokea salama upande wa chini wa mto, watoto wanakwenda.

Wakasubiri. Halikutokea.

"Dada, limenasa tu hilo," alisema Mchungaji Keya, aliyewaleta vijana wa kwaya. "Watoto wako njiani tangu alfajiri."

"Dada anaogopa maji!" alidakia binti mmoja, Riziki, na wenzake wakacheka.

"Vueni majaketi," Nasimbo alisema. "Leo haingii mtu."

Wakaguna, wakaanza kuvua. Ndipo jaketi likaibuka, tena pale pale kando ya boti. Lilikuwa linapanda mto polepole, limesimama wima, kifua kimejaa kama limevaliwa.

"Asiliguse mtu," Nasimbo alisema.

Jaketi likatulia mbele ya Riziki, ambaye alikuwa hajavua lake. Filimbi iliyoning'inia begani mwa jaketi ikalia mara moja.

"Abee," Riziki akaitika, kama ameitwa na mama yake, akatia mguu majini.

Nasimbo akaudaka mkanda wa jaketi mgongoni mwa Riziki, na akahisi kitu upande wa pili, majini, nacho kinamvuta.