Bangili ya Mashavu

Nikutegee, mwanangu: mlinzi wangu halali usingizi, nikiumia hupiga kelele, nikitamani hana habari. Umeshindwa? Ni bangili.

Siku hizi wapenzi wanaofurahia kufungana kamba huvaa bangili inayopima maumivu ya mwili. Ikiwaka kijani wanaendelea, ikiwaka nyekundu na kulia wanaacha. Kuivua ndiyo hatari kubwa. Hata wazoefu wa viboko huogopa.

Mashavu alimnyooshea mumewe, Hamdani, mikono aifunge kwa kanga. Kama kawaida, Hamdani akaitazama bangili, si uso wa mkewe. Mashavu akaivua, akaitupa uvunguni.

“Una wazimu, mke wangu? Sasa nitajuaje ukiumia?”

Mashavu akamnyooshea tena mikono.

“Si uniulize, Hamdani. Kama zamani, sikioni.”