Risasi ya Jumamosi

"Si yangu! Nimekuambia si—"

"Ni ya nani basi? Mashine ya kubana shaba Shauri Moyo yote iko kwako peke—"

"Mashine ni yangu, risasi si yangu! Mimi natengeneza bawaba na pete za pazia, wewe kijana—"

"Kwa hivyo pete za pazia ndizo zimeua ndugu yangu Mureithi?"

Kweyu kusikia jina hilo akafunga macho. Irungu akaona hiyo ni dharau, akazungusha mkono wa vaisi, chuma cha kubania kilichoshika vidole vya mzee. Akazungusha upande mbaya. Yale meno ya chuma yakafunguka na mzee karibu achomoe mkono atoroke. Irungu akamgonga bega na nyundo, akarudisha mkono wake ndani, akakaza tena, safari hii upande wa sawa. Kidole kidogo kikalia kama njugu inatolewa ganda.

"Woi! Woi mama!"

Hakuna aliyekuja. Saa nne asubuhi mafundi wote wanagonga mabati. Ukipiga nduru hapo, majirani wanadhani umepata kazi kubwa.

Irungu hakuwa mtu wa fujo, jameni. Yeye aliosha viatu vya mtumba Gikomba na kuvipaka rangi mpaka vinasahau umri. Lakini wiki iliyopita mdogo wake alipigwa risasi nje ya kibanda cha chapati. Aliyepiga hakufika mbali, watu walimmaliza na mawe. Risasi yenyewe ilipita ndani ya Mureithi ikaenda kukwama kwa mlango, na Irungu akaichokoa na kisu. Ganda la shaba, ndani madini ya betri ya gari, kazi ya mkono wa mtu. Na kwa kitako kulikuwa na alama ndogo kama nyota. Mzee mmoja wa vyuma aliiangalia mara moja tu akasema: chuma cha kushindilia kimemeguka ncha, kila risasi iliyotoka hapo iko na hiyo nyota.

Mama yao, Jecinta, alikaa na hiyo risasi mkononi siku tatu, chini ya dirisha la sebule lenye pazia nusu. Ile nusu ingine ya maua ya alizeti alimshonea Mureithi aproni siku alisema ameandikwa kiwanda cha kufuli Baba Dogo. Kijana wa bidii, hata Jumamosi alikuwa anaingia ovataimu. Siku ya nne mama akafungua mdomo.

"Aliyepiga amekufa. Aliyetengeneza bado anakula ugali. Mchanga haugusi mtoto wangu kabla sijamwona huyo mtu uso."

"Kesho tunazika," Irungu sasa akamwambia Kweyu. "Natoka hapa na mtu, ama natoka na mkono wako."

"Sikiza. Mimi ni Msabato. Jumamosi sishiki hata msumari. Na hiyo kitu ilitengenezwa Jumamosi."

"Siku umejuaje?"

Kweyu akajua ameteleza. Irungu akakaza.

"Nilirudi kuchukua miwani!" mzee akalia. "Nikampata hapa ndani na mashine yangu! Kibarua wangu, nilimwachia funguo afagie! Nikamfukuza, nikamnyang'anya vyuma vyake vyote. Lakini risasi zingine alikuwa ameshauza."

"Anaitwa nani?"

"Sisemi."

"Anaitwa nani!"

"Nenda nyumbani. Ukijua, utaniomba nikurudishe pale hukuwa unajua."

Irungu akainama kushika mkono wa vaisi, na hapo ndipo mzee, kwa mkono wake mzima, akanyakua tupa ya kunolea misumeno akamchana shavu kutoka sikio hadi mdomo. Irungu hakuhisi uchungu, alihisi joto. Akapiga na nyundo bila kuangalia. Meno mawili ya Kweyu yakadondoka kwa vumbi la chuma na damu ikafuata.

"Sema, mzee. Ya pili ni ya kichwa."

Kweyu akatema. Akamwangalia vile mtu anaangalia mtoto aliyepanda juu ya paa.

"Sanduku," akasema. "Chini ya meza. Vyuma vyake viko hapo vile nilivyomnyang'anya, sijaguza. Lakini nimekuonya. Mungu ni shahidi."

Irungu akaliburuta, akavunja kufuli na nyundo. Ndani kulikuwa na mzigo mmoja umeviringishwa kwa kitambaa kimejaa grisi. Akaukung'uta. Kikaanguka chuma kirefu kama kidole, ncha imemeguka. Zikafuata risasi sita. Akageuza moja. Nyota. Akageuza ya pili. Nyota. Akacheka, mate na damu vikimtoka, mara ya kwanza anacheka tangu msiba uingie kwao.

Halafu akatandaza kitambaa juu ya meza, labda mwenyewe aliandika jina.

Hakukuwa na jina. Kulikuwa na kamba mbili za kufunga kiunoni, na chini ya grisi, alizeti za pazia la mama.

Simu ikalia mfukoni. Ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena.

"Umempata?" mama akauliza.

Nje nyundo ziliendelea kugonga mabati.

"Nimempata, mama."

"Mlete."

Irungu akaweka simu chini. Akashika mkono wa vaisi, akaulegeza pole pole, bila kukosea upande. Halafu akapiga magoti kwa vumbi, akaukamata ule mkono uliopondeka kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu," akasema. "Twende kwa mama. Mwambie ni wewe."