Kundi la Waliotimiza Sitini

"Waliotimiza sitini, kwenye mstari wa kulengea!" refa akatangaza.

Mama Jicho akaikumbatia bunduki yake. Katika kundi la vijana angemezwa mzimamzima. Medali yake ilikuwa hapa. Lakini mumewe mpya, fundi cherehani, alikaa mbele pale akijua kaoa mwanamke wa arobaini na tisa, kwani ndivyo alivyoambiwa.

"Hao si wenzio, mke wangu," akamcheka. "Waache vikongwe wapite."

Akapita yeye.

Kidole chake kilitulia kwenye kifyatulio kama mtoto aliyeshiba. Risasi ikatoboa kitovu cha shabaha.

Alipogeuka, kiti cha bwana kilikuwa kitupu. Kilibaki kitambaa alichojifutia jasho usoni, kimetapakaa rangi nyeusi ya kuficha mvi za ndevu.