Viatu Vyeupe Ndani ya Kanga

Kitendawili cha Hilda kilikuwa hiki: kimefungwa kwenye kanga miaka kumi na minane, hakili wala hakinywi, na kila kikifunguliwa kinauma upya.

Asubuhi hiyo alikitoa sandukuni, akakibana kwapani, akashika njia ya kijiji cha Mogitu, kwenye baraza la akina mama.

"Dada Hilda, kumbe nawe unakwenda kumwona bingwa wetu," jirani yake Lucia alimwambia njiani.

"Bingwa wako. Mimi namjua mwizi."

"Natalia? Kaiba nini?"

"Mume."

Lucia akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Hilda akayamwaga yote. Mumewe, Mwalimu Baltazar, ndiye aliyemfundisha Natalia jimnastiki. Wenzake wakiruhusiwa, huyo anabakizwa. Baltazar akitoka mjini Katesh, pipi ni za huyo. Na mto ulipofurika, Hilda aliwaona kwa macho yake: mwanaume anavuka, huyo yuko mgongoni, kamkumbatia shingo.

"Mimi nilivuka mto uleule na mimba ya miezi saba. Nilishika fimbo."

"Ilikuwa mwaka gani hiyo?"

"Ule wa mvua kubwa."

Lucia alianza kuhesabu kwa vidole. Akafika mahali akaacha, akaongeza mwendo.

Natalia alikuwa amesimama katikati ya akina mama, medali shingoni, mrefu, mzuri. Hilda alimtazama kiuno, akamchukia upya.

Kazi yake sasa ilikuwa kuzunguka vijijini kuwatetea walioumizwa na watu waliowaamini. Hata yeye, alisema, aliumizwa na mwalimu wake, na mwalimu huyo yupo hapa.

Baltazar, aliyekaa mbele na wazee, alitabasamu.

"Maneno tu hayo. Ushahidi uko wapi?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Natalia hakuwa na kitu mkononi.

Hawara mzima anajifanya kaonewa, Hilda aliwaza, akanyanyuka. Katika baraza la akina mama wa pale, mwenye shtaka haanzi kwa kusema. Kwanza huweka kitu chake chini, katikati, watu wakione. Hilda akafungua kanga, akaweka viatu vyeupe vya mazoezi.

"Vya huyu hapa. Nilivikuta kwenye begi la mume wangu, mwaka wa mvua kubwa. Akatae."

"Shikamoo, mama," Natalia alisema taratibu. "Sikatai. Ni vyangu."

Baltazar alikuwa ameshasimama, anatafuta fimbo yake.

Natalia aliokota kimoja, akakilaza kwenye kiganja. Kisigino kiligusa kifundo cha mkono, ncha ikaishia kwenye vidole. Kisha akakiinamisha mbele ya Hilda ili asome. Ndani, kwa kalamu ya wino, kwa herufi zilizopinda, palikuwa pameandikwa: NATALIA, DARASA LA PILI.