Kucha za Dukani

Paskalina aling'ata kidole gumba chake mwenyewe kama mtu anayefungua soda kwa meno, na kucha haikutoka. Maji ya moto alikwishajaribu. Mafuta ya kupikia alikwishajaribu. Kucha za pinki, ndefu, zinazometa, zilikuwa zimekaa vidoleni mwake utadhani amezaliwa nazo.

Alizibandika jana jioni, kwa kujaribu tu. Kuvalishwa pete kulikuwa bado wiki nzima. Pale dukani, mjini Geita, Dada Pooja alimwambia nyekundu zimeisha, pakiti ya mwisho kaichukua mama mmoja sasa hivi, basi achukue pinki. "Na gundi hii," Pooja akasema kwa fahari, "hata ukifua haibanduki." Paskalina alirudi nyumbani, akabandika, akajipiga picha mpaka simu ikaisha chaji, akalala na furaha zake.

Asubuhi mchumba wake, Boaz, akapiga simu. Mama yake ametoka Tinde tangu jana, amelala kwa ndugu hapo hapo mjini, na mchana anakuja kuonja mapishi ya mkwe.

Hapo furaha ikakatika. Mama Boaz hakuwa mtu wa mchezo. Mchumba wa kaka yake Boaz alirudishwa kwao kwa sababu ya kope za kubandika, kope tu, na neno la mama huyo kuhusu kucha lilijulikana kuanzia Tinde mpaka Rwamgasa, ambako Boaz anafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu: "Kucha za dukani mwisho wake ni kwenye ugali." Na Paskalina alimpenda Boaz, tena sana, tena bila aibu. Kumkosa kwa ajili ya plastiki, hapana, hilo hakulikubali.

Basi, mchana Boaz alipomleta mama yake, Paskalina akajitanda kitenge kikubwa mpaka kwenye viganja, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mayu. Hujambo?"

Mama Boaz alimwita mayu, mama kwa Kisukuma, ila hakutoa mkono. Alikuwa amejifunika kanga, mikono yote ndani, kama mtu mwenye homa, na jua la Geita lilikuwa linawaka. Paskalina alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Shida ilianzia jikoni. Ugali ulikuwa umeanza kushika, Boaz akaita maji ya kunywa, Paskalina akakimbia kuyapeleka. Aliporudi alimkuta mama mkwe kwenye jiko la mkaa, kanga kaizungushia mkononi, anasonga kwa nguvu za mtu aliyelea watoto saba.

"Ulikuwa unaungua," alisema, akauacha mwiko, akarudi kukaa.

Wakati wa kupakua ndipo Paskalina alipojitazama. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kitupu. Kucha iliyogoma asubuhi nzima ilikuwa imeamua kutoka yenyewe, leo, wakati huu. Alipekua unga, akachungulia sufuria, akapapasa sakafu. Hakuna kitu. Angeuvunjavunja ugali wote autafute, lakini Boaz alishaanza kuita kwamba njaa inauma.

Akabeba jagi na beseni kwenda kunawisha, kitenge kikining'inia juu ya vidole. Boaz akanawa, akaziona kucha, macho yakamtoka, akageuka kutazama dari kama mwanamume mwenye akili. Ikawa zamu ya mama.

"Mimi nipe kijiko," Mama Boaz alisema.

"Kijiko, mama? Kwa ugali?" Boaz aliuliza.

"Mkono umeteguka. Jembe."

Msukuma kula ugali kwa kijiko ni habari ya kutangazwa redioni, ila Paskalina hakuwa na nafasi ya kushangaa. Alikuwa analisindikiza kwa macho kila tonge linaloingia kinywani mwa mama mkwe. Likapita moja, likapita jingine. Kicheko kikaanza kumpanda, kile cha kanisani, ambacho ukikibana ndipo kinapozidi. Kisha meno ya mama yakalia: ka!

Mama Boaz aliacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakichungulia ndani ya kanga, akakifumba upesi. Akamwangalia Paskalina. Paskalina akamwangalia kuku kwenye bakuli.

"Mfupa," alisema mama, ingawa kuku alikuwa hajamgusa.

Baada ya kula mama alimwita jikoni, wawili tu. Paskalina alishuka magotini, machozi na kicheko vinagombania nafasi. "Mama, naomba unisamehe."

"Nyamaza." Mama Boaz alichungulia mlangoni, akashusha sauti. "Mambo mengine ni ya jikoni, yaishie jikoni. Mimi sikuona kitu. Na wewe hukuona kitu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Haya. Boaz amepata mke."

Paskalina nusura apige vigelegele. Alimsindikiza mpaka barabarani kwenye bodaboda, na kama si heshima angekwenda anarukaruka. Alikuwa bado anatabasamu pikipiki ilipowashwa, na hapo kitu kikamchoma unyayoni. Akainama kukitoa kwenye kandambili. Ilikuwa kucha ya pinki, ile ya kidole kidogo, nzima, bila alama ya jino.

Bodaboda ikaondoka. Mama Boaz, furaha imemzidi, akageuka na kuinua mkono juu kumpungia, na upepo ukaibeba kanga mpaka kwenye kiwiko: kucha nne ndefu, nyekundu, zikimeta juani, na kidole gumba kitupu.